Anayehesabu Vidonge ni Mama

Nchini Burundi mgonjwa wa akili hulazwa hospitali majuma machache. Miaka inayobaki anauguzwa nyumbani. Anayempikia, anayemwogesha, anayemkimbilia usiku akitoka mbio kuelekea barabarani, anayehesabu vidonge vyake na kukopa nauli ya kuvifuata, ni mama, mke, dada au kaka. Mimi ni mmoja wa watu hao, na nina jambo moja la kusema: kazi ya kuuguza tumeshaibeba siku nyingi, ila wanaotukabidhi mgonjwa mara nyingi hawatufundishi namna ya kuifanya.

Nafundisha Kiswahili hapa Gitega. Kwetu ni Muyinga, kaskazini mashariki, njia ya mpaka wa Kobero tunaouvuka kwenda Tanzania. Tangu mikoa ilipounganishwa mwaka 2025 Muyinga imeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza, lakini sisi wenyeji bado tunasema twenda Muyinga. Ni mji wa biashara na misikiti, na Kiswahili sokoni hukikosi. Mdogo wangu wa kike aliolewa hukohuko akazaa watoto wawili. Yule wa pili alikuwa ameshaanza kutembea mama yake alipoanza kukosa usingizi.

Alikuwa akikaa macho mpaka alfajiri, akisema majirani wanamsengenya nyuma ya ukuta. Akaacha kula alichopikiwa, eti kimetiwa kitu. Akaacha kuoga. Siku moja aliwafungia watoto ndani, akakaa mlangoni na panga akiwalinda dhidi ya watu ambao sisi wengine hatukuwaona. Mumewe alimrudisha kwetu juma hilohilo. Watoto walibaki kwa baba yao.

Mama alifanya ambalo mama yeyote wa mtaani kwetu angelifanya. Alimwita sheikh amsomee. Sheikh akasoma, akaandika kombe, dada akanywa. Hali ilipokaa vilevile, baba mdogo akatupeleka kwa mganga upande wa Karusi. Mganga akataka mbuzi na fedha, tukatoa. Simlaumu hata mmoja wao. Yule sheikh alikuja jioni baada ya jioni bila kudai kitu, na kisomo chake kilimtuliza dada saa kadhaa, wakati ambapo sisi hatukuwa na cha kumtuliza hata kwa dakika. Lakini ugonjwa uliendelea. Mwisho wajomba walimfunga mikono kwa kamba ili apandishwe gari.

Hospitalini alichomwa sindano, akalala usingizi wa kweli, na baada ya majuma kadhaa akaanza kuwaulizia wanawe. Mama alilia kwa furaha. Siku ya kuruhusiwa tukapewa mfuko wa vidonge na karatasi iliyoandikwa Kifaransa. Mama hajui kusoma, na Kifaransa hakijui kabisa. Aliyetukabidhi mfuko alikuwa na foleni ndefu nyuma yetu. Akasema asubuhi kimoja, jioni viwili, mrudi mwezi ujao. Ugonjwa unaitwaje, utachukua muda gani, vidonge vile vitamfanyia nini mwilini, hatukuambiwa. Na dada mwenyewe, aliyekuwa amesimama palepale akiwa na akili zake timamu, hakuulizwa lolote.

Siku chache baadaye, tukiwa tumetoka kuswali magharibi, shingo yake ilianza kugeuka upande. Ikapinda mpaka kidevu kikagusa bega. Macho yakageukia juu yakabaki hukohuko, taya likakaza, ulimi ukatoka nje asiweze kuurudisha. Alikuwa anatusikia, machozi yanamtoka, hawezi kusema. Ua ulijaa watu. Mmoja akasema jini limempanda, mwingine akasema amewekewa sumu. Mama akauchukua ule mfuko wa vidonge, akaenda nao chooni, akaumimina wote.

Katika wale waliokuja kuangalia alikuwemo muuguzi mzee, mstaafu, anayeishi nyumba ya tatu. Akamshika dada kidevu, akauliza dawa anazokunywa. Nikamwonyesha karatasi. Akasoma neno haloperidol, akamtuma kijana na baiskeli akalete dawa na sindano kwake. Haikupita saa moja, shingo ikanyooka. Kisha yule mzee akafanya kitu ambacho mpaka leo namwombea dua kwacho: aliketi mkekani. Akamwambia mama, "Dawa hiyohiyo iliyomrudishia akili ndiyo imempinda shingo. Inatokea, hasa kwa vijana, siku za mwanzo au dozi ikiongezwa. Wala si jini. Kuna kidonge cha kuizuia, kinaitwa Artane. Ukiona tena, niite, usitupe dawa."

Lakini dawa zilikuwa zimeshatupwa. Fedha ya kununua nyingine haikuwepo, na tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa mbali. Ugonjwa ukarudi kabla ya mwezi kwisha.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu kisa hiki si chetu peke yetu. Nimeshakutana na familia nyingi zilizoacha dawa kwa sababu ya shingo iliyopinda, mikono inayotetemeka, mate yasiyokauka, au kijana anayelala mpaka adhuhuri asiweze kushika jembe. Anayetazama kutoka nje husema familia ni wajinga, wameacha dawa. Mimi nasema maneno machache yaliyosemwa mkekani yangefaa kusemwa siku ya kuruhusiwa, kwa Kirundi au Kiswahili, mbele ya mgonjwa na mbele ya yule atakayempa dawa.

Basi niyaeleze hapa, kwa mwenye mgonjwa ambaye bado hajapata wa kuketi naye. Ugonjwa wa dada unaitwa skizofrenia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 345 hivi duniani anao, jumla yao milioni 23 hivi. Mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwa dhati kwamba anafuatwa au anarogwa, mazungumzo yake hukosa mpangilio, na polepole hujitenga na watu na kazi. Hakuna anayejua chanzo kimoja. Kuna urithi ndani yake, lakini si kama watu wanavyotishana kwenye posa: mtoto mwenye mzazi mgonjwa ana uwezekano wa 1 katika 10 hivi wa kuugua, maana yake wengi hawaugui. Wapo pia wanaougua bipola, ambao furaha yao hupanda mpaka wanagawa mali yote ya nyumbani, kisha hushuka mpaka hawataki kuishi.

Dawa za skizofrenia zilianza kupatikana mwaka 1952, madaktari wa Paris walipoanza kutumia klopromazini. Ndiyo hiyohiyo ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Largactil. Hiyo na mwenzake haloperidol hupunguza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, sauti zikafifia na hofu ikapungua. Haziui ugonjwa moja kwa moja. Ndiyo sababu mtu aliyepona kabisa machoni pa watu huambiwa aendelee kumeza, angalau mwaka mzima baada ya kupata nafuu ya mwanzo, na wengine miaka mingi zaidi. Hapa ndipo tunapoanguka wengi. Kwetu dawa ni kitu cha kumalizia malaria, ukipona unaacha. Kwa asiyependa au anayesahau vidonge ipo sindano ya flufenazini, inayochomwa kila baada ya majuma mawili mpaka manne. Muulizeni daktari kama ipo.

Nchi yetu haikukaa bure. Watawa wa Frères de la Charité walifungua kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, Bujumbura, mwaka 1981, na baadaye wakawa na matawi Ngozi na hapa Gitega. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vilipokuwa bado vinaendelea, shirika la Kiholanzi HealthNet TPO lilianza mwaka 2000 kuwafunza watu wa vilimani kusikiliza na kusaidia waliojeruhiwa moyoni, kisha likasaidia kufungua kliniki za afya ya akili katika hospitali za mikoa. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kliniki hizo ziliandikisha karibu watu 10,000, na wengi wao walikuwa na kifafa. Hilo lenyewe linafundisha. Watu waliofichwa vyumba vya nyuma miaka mingi walitolewa nje mara tu waliposikia kwamba dawa imefika hospitali ya mkoa wao. Familia hazikuwa zimewakataa. Zilikuwa hazina pa kuwapeleka.

Tatizo ni njia ya kufika huko. Toka Muyinga mpaka Gitega unapita Karusi, na siku hizi mafuta ya gari yalivyo adimu, nauli unayoambiwa asubuhi siyo utakayolipa mchana. Mgonjwa haendi peke yake. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, kwa hiyo ni nauli mbili, kwenda na kurudi, na chakula. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wanaojifungua hutibiwa bure tangu Mei 2006, na ilikuwa hatua kubwa. Mtu mzima mwenye skizofrenia hayumo. Mwenye kadi ya msaada wa matibabu, iitwayo CAM, hupunguziwa gharama, lakini kadi haikusaidii kitu ikiwa dawa yenyewe imekwisha kabatini na unaambiwa ukanunue famasi. Nimeona shamba la ndizi likiuzwa kipande kwa kipande kwa ajili ya ugonjwa ambao vidonge vyake ni vya bei ndogo. Kilichokula shamba ni safari.

Sasa nije kwa mama, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Baada ya ugonjwa kurudi, yule muuguzi mzee alimfundisha. Alifanya hivyo bila karatasi. Vidonge vya asubuhi viliingia kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha njano, vya jioni kopo la majani ya chai. Kila Ijumaa, baada ya swala, mama anavimwaga kwenye ungo na kuvihesabu mbele ya dada. Vikibaki vya juma moja, mtu anatumwa. Klopromazini, ambayo dada naye huimeza, inampa usingizi, kwa hiyo anaimeza jioni na chakula. Asubuhi haamki ghafla. Anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu dawa hiyo hushusha presha mtu akisimama haraka. Akienda shambani anafunika kichwa na mikono, maana jua humuunguza ngozi upesi. Mambo haya yote ni madogo, na yasipofanywa ndiyo yanayomrudisha mtu hospitali.

Ramadhani ilileta swali lake. Dada alitaka kufunga, na kumkataza kulikuwa kama kumwambia yeye si mtu kamili. Sheikh, yule yule wa kombe, alimkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Dada akasema anaijua ruhusa, ila anataka. Wakakaa mama, sheikh na muuguzi, na dada mwenyewe katikati. Wakakubaliana dozi moja baada ya futari na nyingine wakati wa daku, anywe maji ya kutosha usiku, na siku akijisikia vibaya afungue. Alifunga. Tangu siku hiyo sheikh ndiye anayewaambia wanaomletea wagonjwa: nitasoma, na dawa msiache. Sidhani kuna bango la kampeni linaloweza kufanya kazi hiyo Muyinga kama anavyoifanya yeye.

Jambo jingine mama alilojifunza ni ulimi. Dada akisema jirani anataka kumuua, wajomba walikuwa wakibishana naye kwa sauti, au wakimcheka. Wengine walimkubalia, wakasema naam, jirani yule mbaya kweli, ili tu anyamaze. Zote mbili zinamzidishia. Mama sasa anasema, "Mimi simsikii huyo, lakini naona unaogopa. Njoo tukae jikoni." Basi. Anampa viazi amenye. Na anajua dalili: dada akikosa usingizi siku mbili mfululizo, akianza kuziba tundu za dirisha kwa vitambaa, mama hangoji panga. Anatuma ujumbe siku hiyohiyo.

Jambo hili la ulimi limechunguzwa mbali sana na Muyinga. Mjini London, mtafiti George Brown na wenzake walifuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitali kurudi makwao, wakapima namna jamaa zao wanavyowasema. Matokeo waliyochapisha mwaka 1972 yalionyesha kwamba katika nyumba zenye kukaripia, uhasama au kumwingilia mgonjwa kupita kiasi, asilimia 58 waliugua tena ndani ya miezi tisa. Katika nyumba tulivu walikuwa asilimia 16. Nilipoyasoma nilihofu kidogo, kwa sababu mtu anaweza kuyageuza yakawa fimbo ya kuwachapia mama zetu: kumbe nyinyi ndio mnaomuuguza vibaya. Tafadhali wasomeeni watu utafiti wote. Nyumba inayokaripia ni nyumba iliyochoka na isiyojua inashindana na nini. Baba mdogo alimpigia dada kelele miaka miwili akiamini ni mvivu wa makusudi. Alipoelezwa kwamba kukaa bila hamu ya kazi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, alinyamaza pale pale, na siku iliyofuata akaja na mche wa parachichi wakaupanda pamoja. Aliyembadilisha ni yule aliyemweleza.

Afrika ililijua mapema jambo hili la kuishirikisha familia. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alipewa hospitali ya Aro, Abeokuta, wakati majengo hayajawa tayari. Akawaweka wagonjwa kwenye nyumba za wanakijiji wa jirani, kwa sharti moja: kila mgonjwa aje na jamaa yake, ampikie, amlete hospitali, arudi naye. Lambo baadaye alikuja kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Dakar nako, katika hospitali ya Fann, Mfaransa Henri Collomb na wenzake Wasenegali walianzisha mikutano ya wazi ambapo mgonjwa, jamaa na wafanyakazi huketi pamoja wakazungumza. Karibu nasi zaidi, Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Duke cha Marekani wameendesha Dar es Salaam na Mbeya mpango unaoitwa KUPAA, unaowaketisha wagonjwa kadhaa na jamaa zao katika kundi moja, wafundishwe ugonjwa na kutatua matatizo yao kwa pamoja.

Hapa Gitega sisi tulianza kwa bahati. Siku za kliniki huwa ni kungoja kutwa nzima, na watu wakingoja huongea. Mama mmoja mwenye kijana wa bipola alikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa kilimani kwake, vile tunavyoviita Nawe Nuze. Akauliza, kwa nini sisi tusiwe nacho? Tukaanza kuchanga kidogokidogo. Fedha ile haitoshi kulipia hospitali, lakini inatosha nauli ya mtu mmoja anayekwenda kuchukua dawa za watu kadhaa waliotulia, kwa ruhusa ya daktari. Na tukikutana tunaulizana mambo ambayo hakuna karatasi inayoyajibu. Kijana wangu anakunywa urwagwa, pombe ya ndizi, na wenzake, nimkataze vipi? Binti yangu amepata mchumba, nimwambie au nisimwambie? Muuguzi wa kliniki akija kuketi nasi nusu saa, wote tunatoka tukiwa wepesi zaidi. Nusu saa ya mtu mmoja, kwa familia zote zile.

Sitaki kuisifia familia kupita ukweli. Familia nayo hufunga watu. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa wa akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa katika nchi 60 hivi za Afrika, Asia na kwingineko, na wengi wao hufungwa na jamaa zao wenyewe. Kwetu vilimani pia kuna suala la ardhi. Kwa mila, binti harithi shamba la baba. Akirudishwa na mume hupewa kipande cha kulima kwa hisani ya kaka zake. Akiwa mgonjwa, hisani hiyo huisha upesi. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mtu mmoja alipendekeza, kwa upole kabisa, kwamba sehemu ya dada igawanywe "kwa kuwa yeye hawezi". Mama akasema anaweza, mpelekeeni mbegu. Akapelekewa. Maharage yake yalipovunwa, pendekezo lile halikurudiwa. Waliorudi toka kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu, Tanzania, wakiwa wagonjwa wanakutana na jambo hilohilo kwa ukali zaidi, maana wamekuta mashamba yameshakaliwa na wengine. Kwa hiyo daktari akisema anashirikisha familia, aulize pia nani katika familia hiyo anafaidika mgonjwa asipopona.

Na mwenyewe ashirikishwe kwanza. Dada alituambia siku moja, tukiwa tumemzunguka tukijadili dozi yake, "Mnaniongelea kama maiti anayengoja kuoshwa." Tukanyamaza. Akasema anachotaka: makopo yahamie chumbani kwake, mama ahesabu naye Ijumaa tu. Akasema akianza kuugua tena, asifungwe kamba; tuitwe mimi, yule muuguzi na shangazi mmoja anayemwamini, wengine wakae nje. Akataka wanawe waelezwe ugonjwa wake na yeye mwenyewe, si na watoto wa shule. Tuliyaandika hayo daftarini. Tangu hapo ameshaugua tena, na hatukutumia kamba. Leo anauza dagaa na nyanya kwenye kibanda karibu na soko la Muyinga. Watoto huja likizo. Yapo majuma mabaya, na sauti hazijaondoka zote. Anasema zimekuwa za mbali.

Anayenitia hofu sasa ni mama. Amezeeka, magoti yanamuuma, na bado usiku analala mlango wazi ili asikie. Hakuna kliniki iliyowahi kumuuliza yeye analalaje. Wanawake ndio wengi katika kikundi chetu, na karibu wote wanauliza swali lile lile: nikifa, nani atahesabu?

Wauguzi na madaktari, siku ya kumruhusu mgonjwa muulize kwa jina atakayempa dawa ni nani, mwite huyo, mweleze madhara ya dawa kwa lugha anayoota nayo, na mweleze afanye nini yakitokea. Wakuu wa afya, haloperidol na Artane zifike vituo vya afya vya vilimani kama zinavyofika dawa za malaria, na abaremeshakiyago wetu, wahudumu wa afya wa jamii, wafundishwe kumtembelea mgonjwa wa akili kama wanavyomtembelea mtoto mwenye homa. Nanyi kaka na dada wa wagonjwa, mlio Bujumbura, Gitega, Dar es Salaam au Ulaya, mnaotuma fedha sikukuu na kuuliza kwa simu hali ikoje: mama ana haja ya usiku wa kulala. Gawaneni majuma. Njooni mjifunze makopo yapo wapi, dozi ni ipi na dalili ni zipi, wakati aliye na ujuzi huo bado yupo wa kuwafundisha.